Usimkande Tena

Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo mama. Habari za huko? Mgongo umetulia? Sisi hatujambo, ila mwanao analalamikia paja la kulia. Aliteleza kwenye ngazi akipaka rangi dari ya watu, akajigonga. Hana jeraha, lakini limevimba na goti kalikunja, hataki kulinyoosha. Fundi mzima anadeka! Kila jioni namkanda kwa maji ya moto, kisha namchua mpaka anang'ata mto. Kasema nisikuambie. Haya, nimekuambia.

Mkweo

Jumanne, 5 Machi

Marahaba mwanangu. Mgongo wangu achana nao. Acha kumkanda! Acha sasa hivi! Kumbe hajakwambia? Damu ya mumeo haigandi upesi kama yetu, tangu kuzaliwa. Akijigonga inavujia ndani ya msuli, na joto na kuchua vinaizidisha. Mlaze, muwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, asinywe dawa ya maumivu ya dukani. Mpeleke hospitali kubwa, waambie "himofilia" kabla hawajamchoma sindano yoyote. Wampe dawa ya kugandisha damu. Vidole vya mguu vina ganzi? Nijibu.

Mama

Jumatano, 6 Machi

Mwanangu, mbona kimya? Nawapigia wote, simu hazipatikani. Goti lake la kushoto lilianza hivi hivi akiwa mdogo, na mpaka leo halikunjiki vizuri. Naogopa. Niandikie hata neno moja. Yuko hai?

Mama

Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo mama. Yuko hai. Nisamehe, nilipokusoma nilimkimbiza hospitali, simu zikaisha chaji na sikuthubutu kutoka wodini.

Vidole vilikuwa na ganzi. Daktari anasema damu ilikuwa inabana mshipa wa fahamu. Wamempa dawa, uvimbe unapungua, ila hawajui kama mguu utanyooka wote. Nilimuuliza mwanao kwa nini alinificha. Akasema, "Ungeogopa kunigusa."

Na kweli naogopa, mama. Nalala kwenye kiti. Leo mtaalamu wa mazoezi kaniambia nimshike mwanao kisigino, ili akaze msuli polepole bila kuusogeza mguu. Mwanao akanitazama, akangoja. Nikakumbuka alivyokuwa anang'ata mto huku mimi nacheka, nikaificha mikono ndani ya shuka.

Njoo, mama. Unishike mimi kwanza, ndipo nami nimshike yeye.

Binti yako