Sinema ya Kondoo Waliopanda Meli

Salama, Makueni
Jumatatu jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao mtanashati. Mgongo unasemaje? Na mvua huko Kitui imeshuka, ama mawingu yanapita tu kama wageni wasiotaka chai? Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimenona mpaka mshipi umeomba tundu lingine. Usiulize kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwa simu nikianza kujisifu, wewe husema mtandao umepotea. Barua haina mtandao, mwaitu. Hii utaimaliza.

Kazi ya kuziba tairi inaenda vizuri. Malori yako, misumari iko, Mungu ni mwema. Lakini habari kubwa ni kwamba mwanao amekuwa mwalimu. Weka kikombe chini kwanza, kisije kikavunjika.

Ni hivi. Mke wa mchungaji wetu wa hapa alipata projekta, akaamua kuwaonyesha watoto wa kanisa sinema kila Jumamosi mchana, zile safi za familia, za watoto na wazazi wao kwenda safari za hatari na kurudi wazima. Shida, sinema ni za Kizungu, na watoto wengine hata Kiswahili bado wanakitafuna. Akauliza ni nani anaweza kutafsiri. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikamwambia Kizungu mimi nakinywa kama uji. Unacheka nini? Kidato cha pili nilikifikia, kukimaliza ndiyo tulikosana.

Basi nikishika kipaza sauti ni kama wale jamaa wa vibanda vya video, napiga kelele kuliko sinema yenyewe. Ila sheria ya mke wa mchungaji ni moja: sinema ikiisha, hakuna kukimbia. Tunakaa kwenye mikeka tunaulizana. Nani alidanganya? Nani alisamehe? Wewe ungefanya nini, na Neno linasema nini? Watoto wanabishana, mwaitu, hata bunge lingekuja kujifunza.

Sasa kuna mzee wa kanisa anaitwa Nzioka. Huyu ni wewe kabisa, ila ana ndevu. Alisema sinema ni mambo ya dunia, zinafundisha watoto kutoroka nyumbani. Mwishowe akasema, "Jumamosi nitakuja mwenyewe. Watoto wakitoka hapo bila kitu cha maana, hiyo mashine itafungwa kwa sanduku." Watoto walisikia. Kuna kamsichana kanaitwa Mwende, mtoto wa mama wa chai hapa karibu na kazini kwetu, kalikuja kuniambia, "Mwalimu, Jumamosi usituharibie." Mimi! Nikamwambia alale usingizi.

Jumamosi ikafika, Mzee Nzioka amekaa mbele kama hakimu. Sinema ikaanza. Kuna baba na watoto watatu wanapanga safari ya kisiwani. Baba akasema wanatafuta "ship" ya babu yao iliyopotea. Mwaitu, hiyo ni meli, lakini mimi nikasikia "sheep". Si makosa yangu. Mwalimu wetu wa darasa la tano alitamka yote mawili sawasawa, na kiboko mkononi, nani angebisha? Nikatangaza kwa sauti kubwa, "Wanaenda kutafuta kondoo wa babu yao!"

Watoto wakapiga makofi. Kondoo wanawajua. Nusu saa nzima nawatafutia watu kondoo kisiwani. Wakivuka mto, nasema kondoo walipita hapa. Wakifungua ramani, nasema hapo ndipo kwenye malisho. Mke wa mchungaji, aliyesoma Kizungu mpaka kikamchoka, ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika.

Halafu meli ikatokea, kubwa kama kanisa. Hapo nikaelewa. Jasho!

"Mwalimu," Mwende akaita, "kondoo wako wapi?"

"Wamo ndani," nikasema. "Walipanda meli."

Mzee Nzioka akanigeukia. Akageuka tena mbele.

Sasa sikia. Kijana mkubwa wa yule baba alikuwa amegombana naye njiani, akaondoka peke yake akapotelea msituni. Baba alikuwa amefika kwenye meli, mkono umeshika kamba. Akaiacha. Akarudi msituni na kurunzi, akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka. Hapo hata mimi nilishusha kipaza sauti, na unajua bei ya mimi kunyamaza.

Ikaisha, tukakaa mikekani. Mzee akauliza yeye mwenyewe, "Haya, kondoo hamkuonyeshwa hata mmoja. Mmejifunza nini?"

Nikaiona projekta ikiingia sandukuni.

Mwende akainua mkono. "Kondoo tumemuona, babu. Ni yule kijana mkubwa. Baba yake aliacha meli yote akamfuata."

Mtoto mwingine akaruka, "Kama yule mchungaji aliyeacha tisini na tisa!"

"Lakini yule kijana alikuwa mkosaji," Mzee akasema. "Alimjibu baba yake vibaya."

"Ndiyo, babu," Mwende akasema. "Ndiyo maana alipotea. Asingekosa, angepoteaje?"

Mzee akashika ndevu. Hapa watu wote wanajua kifungua mimba wake anaishi mji wa Kiboko, na hawasemezani. Akaniuliza polepole, "Alipompata, alimwambia nini?"

Mwaitu, hapo walinong'ona, Kizungu changu hakikufika. Ningeweza kutunga. Nikasema, "Mzee, sikusikia vizuri."

"Alimwambia twende nyumbani," Mwende akajibu. "Mimi nilimwona mdomo."

Mzee akachukua kofia yake akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema la. Jana kanisani vilevile, watoto wakamtazama ibada nzima, akaimba tu.

Leo asubuhi pikapu yake ikasimama kwetu. "Jaza upepo matairi yote manne," akasema. "Nafika Kiboko." Nikajaza. Na mdomo wangu wote huu, sikumuuliza anaenda kwa nani.

Alipowasha gari akatoa kichwa dirishani. "Jumamosi mnaonyesha gani?"

"Bado hatujachagua, Mzee."

"Chagueni mapema. Na wewe Mutua, safari hii kondoo awe kondoo."

Mwende alikuwa amesimama na birika la chai. Alipiga yowe la furaha mpaka dereva wa lori akadhani tairi limepasuka.

Nisalimie susu, mama yako, umwambie meno yangu yote bado yapo. Salamu kwa dada Kalondu, mwalimu wa Sunday school, mwambie sasa tuko wawili na mmoja wetu ana kipaza sauti. Mjomba Musyoka mfuga nyuki, asali yake naikumbuka kuliko uso wake. Na wewe, Bwana akulinde mgongo na masikio.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Mutua, Mwalimu. Cheka, lakini liseme hilo neno kwa sauti, majirani wasikie.