Mfungo wa Timotheo Wodini

Marietha, kaa chini kwanza ndipo usome. Timotheo amepooza mkono wa kulia na hasemi tena.

Mkwe wangu huyu huyu aliyevuja damu kichwani wiki iliyopita, juzi si alikuwa anaulizia kabichi zake za shambani kule Vuga!

Daktari akamwambia mwanangu Witness, mkewe, kwamba ile damu imefanya mishipa ya ubongo ijikaze, imekuwa myembamba. Ndiyo maana walisisitiza anywe maji mengi. Akamuuliza, "Mama, tangu juzi amekunywa kiasi gani?"

Witness akageuza macho kwenye sinki.

"Nesi kaandika lita tatu kila siku. Wewe ndiye uliyemwambia."

Mwanangu akasema kwa sauti ndogo, "Ya kumezea dawa tu, daktari. Tulifunga kumshukuru Mungu. Na mfungo hautangazwi."

Ya kumezea dawa tu, Marietha! Mengine anamwaga kwenye sinki, mgonjwa anamtazama anatabasamu.

Daktari hakufoka. Dripu ikarudishwa. Akasema huenda mkono ukarudi, huenda usirudi. Halafu akauliza nani aliyewashauri kufunga.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Witness akanitazama, akainama, akasema, "Ni mimi."

Si yeye, Marietha. Mimi ndiye niliyewaambia wafunge siku tatu. Na nikanyamaza.