Breki Nzima

Jumanne, 6 Julai 1999

Leo nimetua mara nne. Mara zote nne nimeishia kwenye nyasi.

Kutua kwenyewe si tatizo tena. Magurudumu yanagusa lami vizuri, hata Mushi anaguna. Halafu ndege inaanza kuvuta kushoto. Nairudisha, inakwenda kulia. Nabonyeza breki. Inazunguka, bawa linakwaruza chini, moshi. Kioo kinakuwa chekundu.

Ni ndege ya vita, ya ndani ya kompyuta. Mushi, karani wetu wa hesabu, kaja nayo kwenye sidii alipotoka likizo Moshi. Saa ya chakula anaiweka tunacheza. Inanifaa, maana haitaki miguu, ni vitufe tu. Mguu wangu una plasta, wiki ya tatu hii. Mpaka utoke, kazi yangu ni kupokea simu ya upepo kutoka vituo vya kununulia kahawa. Dereva mzima, nashinda nasema "nakusikia, ova". Aibu tupu.

Alhamisi, 8 Julai

Mushi anasema kosa langu ni kudhani nimefika. Nikigusa lami naachia mikono. Ndege bado ina mbio zake zote, mimi nimeshafika nyumbani nakula ugali. Kijitabu chake kinasema pua ibaki juu kwanza, upepo uikamate ndege kifuani. Halafu pua ishuke taratibu. Breki kidogo kidogo. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Kazi haijaisha mpaka isimame kabisa.

Nikamwambia breki za ndege hii mbovu.

"Breki nzima, Bwana Yohana. Wewe unachelewa, halafu unazikamua zote kwa mpigo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mjuaji huyu hajawahi kuendesha hata toroli.

Ijumaa, 9 Julai

Sikucheza. Vituo vinaita tangu asubuhi, kahawa imejaa, lori moja linafanya kazi ya malori mawili. La pili liko uani. Limebonyea upande wangu. Nimegeuza kiti ili nilipe mgongo.

Meneja atamaliza ripoti ya ajali Jumatatu ya tarehe 19. Ameshasema itakavyokuwa: breki zilikataa, fundi anaachishwa kazi. Maelezo yangu anayo, nimetia sahihi. Maneno mawili tu. Breki zilikataa.

Jumatatu, 12 Julai

Fundi Ndunguru amekuja kuniona nyumbani. Kasafiri kutoka Maguu na mfuko wa maharage. Tangu ajali amerudishwa kwake, anasubiri barua. Malori haya kayatengeneza tangu enzi za ushirika. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaja, alihamia kwa wenye mali wapya pamoja na malori, kama tairi la akiba.

Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza mguu, akauliza watoto. Halafu akasema: "Mdogo wangu, nisamehe. Ile nati ya bomba la breki la nyuma, nakumbuka niliikaza. Lakini nimezeeka, huenda nakumbuka ya siku nyingine."

Mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Ananiomba mimi radhi, nyumbani kwangu, amekaa kwenye kigoda.

Nikamwambia yamepita. Hilo ndilo jibu nililompa.

Jumanne, 13 Julai

Mushi kagundua marudio. Ukishaanguka, unabonyeza kitufe, kompyuta inakuonyesha ulivyoanguka, kwa nje, kama uliyesimama kando ya uwanja. Pembeni kuna namba za mwendo na kitaa kidogo. Breki zikishika, kinawaka kijani.

Kiliwaka kijani mpaka kwenye nyasi.

"Unaona? Nzima."

Nikamwambia azime. Akaniuliza kama mguu unauma. Nikasema ndiyo.

Basi niandike. Daftari hili halina msomaji.

Pale juu, kabla ya kona ya kwanza ya mteremko wa Mbamba Bay, nilitoa gia. Nyutro. Madereva wengi wa njia ile tunafanya hivyo, na dizeli inayobaki tunajua inakokwenda. Nilibeba saruji ya Liuli. Utingo alikuwa amebaki Mbinga na malaria. Lori likajishukia lenyewe, mimi napiga mluzi. Kona ya pili nikashika breki. Ya tatu nikazikamua. Zikaanza kunuka. Nikataka kurudisha gia, ikasaga, ikakataa. Kona ya nne pedeli ikaenda mpaka chini, haina kitu. Mbele ya kioo palikuwa na ziwa tu, lote. Nikakata usukani kwenye ukuta wa udongo.

Juu ya mlima breki zilikuwa nzima. Nilizichoma mwenyewe.

Mabomba ya breki yalikatikia kwenye mawe chini ya ule ukuta, hakuna awezaye kuthibitisha lolote. Lori halina marudio.

Alhamisi, 15 Julai

Mke wangu Magreti alikwenda Maguu jana, kwenye msiba. Alipanda na baiskeli yetu kwenye gari ili Fundi Ndunguru aitazame breki. Amerudi nayo vilevile. Fundi hakuigusa. Alimwambia: "Mpelekee mwingine, mama. Mikono yangu siiamini tena."

Breki ya baiskeli. Waya mmoja na raba mbili.

Magreti alinisimulia akichambua maharage, yale yale ya fundi. Chakula kilipoiva nikasema sina njaa. Ninajichukia. Pia ninaogopa, niandike yote. Nina watoto watatu na kazi moja.

Leo saa ya chakula, kazini, nilitua mara mbili. Ya pili niliishika. Pua juu, pua chini, kidogo kidogo. Ikasimama katikati ya mstari. Mushi akapiga meza kwa furaha, akaita walinzi waje waone. Mimi sikusikia raha yoyote.

Jumamosi, 17 Julai

Nilidandia lori mpaka Maguu. Magongo na vumbi, nilichoka vibaya. Fundi alikuwa shambani anachuma kahawa.

Njiani nilipanga maneno mengi. Nilipofika yote yalikimbia. Nikasema: "Shikamoo, fundi. Nilikuwa nyutro."

"Tangu wapi?"

"Tangu juu."

Akaweka kikapu chini. Akatazama viganja vyake, akavigeuza, akatazama na upande wa pili. Nilitamani anipige. Ingekuwa rahisi.

"Wiki nne nimekuwa nikiamka na ile nati," akasema. Halafu: "Kamwambie meneja kwa mdomo wako. Usinitume mimi."

Akarudi kwenye mibuni yake. Hakunikaribisha maji. Kwa watu wa huku hilo ni tusi, na nilistahili.

Jumatatu, 19 Julai

Nimesema. Meneja alifoka mpaka sauti ikakauka, halafu akaomba karatasi. Nimeandika maelezo mapya, marefu kuliko yale ya kwanza. Mimi si dereva tena hapa, wala popote watakapomuuliza yeye.

Fundi anarudishwa. Ujumbe wa kumwita ulipitia simu ya upepo, na mwenye zamu ya simu ni mimi. Nikaita Maguu. Nikasema Fundi Ndunguru anatakiwa kazini kesho asubuhi, kosa halikuwa lake, ova. Wakaniomba nirudie, mawimbi yalikuwa mabaya. Nikarudia.

Mushi alisikia yote mlangoni. Hakuiweka ile sidii. Alinimiminia chai tu.

Jumatano, 4 Agosti

Plasta imetolewa. Mguu mwembamba, kama si wangu. Magreti na watoto walitangulia Chiwanda, karibu na Mbamba Bay, wiki iliyopita, kaka yangu ametupa chumba. Leo nimewafuata.

Lori langu la zamani, limeshatengenezwa, lilikuwa na mzigo wa Mbamba Bay. Dereva mpya hajapatikana, Fundi Ndunguru ndiye anaendesha. Nilitaka kupanda nyuma, juu ya mifuko. Akafungua mlango wa mbele.

Pale juu, kabla ya kona ya kwanza, akasimama. Akaweka gia ya pili. Tukashuka na hiyo hiyo mpaka chini, injini inaunguruma, polepole hivi kwamba mama mmoja mwenye ndizi kichwani alitupita kwenye kona. Ukuta wa udongo bado una alama yangu. Fundi hakugeuka kuutazama. Mimi niliutazama.

Kwenye tambarare akazima gari, akateremka. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akapitisha mkono ndani, akabandika kiganja kwenye chuma cha breki. Akakaa hivyo kitambo.

"Njoo ushike."

Nikashika. Kulikuwa na uvuguvugu tu.

Akafuta mikono kwenye suruali, tukapanda, tukaendelea.