Jani la Isale kwa Barua ya Anita

Jumanne usiku

Moshi nzima hakuna mwanasheria kama mimi, na darasa la saba nilirudia.

Leo mjumbe wa nyumba kumi kaniita, eti nimemchafulia Anita jina. Si aliacha barua pepe wazi pale intaneti kafe ninapofagia? Humo, mchumba wake Mjerumani kamwacha. Nikaisimulia kilabuni, kwenye pombe ya mbege.

"Mzee, sikuifungua. Niliikuta wazi."

"Hata mlango wa choo ukiwa wazi, wewe kijana, huchungulii aliyemo."

Nikampa Anita jani la isale. Kwetu Uchaggani, msamaha wa isale haukataliwi. Akapokea. Kesi nimeshinda.

Ila mama yake, aliyekuja naye, hadi leo hakuwa amejua; nyumbani alikuwa bado anashona sare za harusi. Akamuuliza palepale, "Ni kweli, mwanangu?" Anita akaitikia mbele yetu sote.

Kwa hilo sina jani.