Baba na Maneno ya Mono

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo na kliniki ya macho haijakumaliza. Sisi tunaendelea vizuri. Mama yako ana mafua kidogo na hasira nyingi, lakini vyote vitapita.

Kwenye kamusi yangu ya sayansi nimefikia maneno ya mono, nayo yananitoa jasho. Wataalamu walichukua kiambishi kimoja cha Kigiriki chenye maana ya "moja" wakakibandika kila mahali: monositi, monoksidi, monoplejia. Nawe unaijua desturi yangu tangu enzi za kufundisha: siandiki maana ya kitu nisichokiona wala kukijaribu. Kwa ajili ya monositi nilikwenda maabara ya zahanati nikaomba kuchungulia damu kwenye hadubini. Mpimaji alinivumilia, ila aliniambia seli nyeupe yenye kiini kimoja huonekana kwa jicho, si kwa ndevu, nitoe zangu kwenye chombo chake. Monoplejia ni kupooza kiungo kimoja, kwa hiyo nilijifunga mkono wa kushoto kwa shuka nikashinda nao hivyo. Nimevunja birika.

Sasa niambie, kuona kwa jicho moja mnakuitaje huko?

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila umenichosha. Simu unaizima ukiwa unaandika, na wewe unaandika kutwa. Nilikuuliza jambo moja tu: umekwenda kupima macho? Ukanijibu habari za ndevu na birika. Baba Mkubwa alipofuka kwa presha ya macho, na ugonjwa ule hutembea katika ukoo. Hauumi wala hauwashi, unaingia bila hodi. Kila siku nawatia watoto wa watu dawa ya macho, na baba yangu mwenyewe ananikwepa. Mganga hajigangi, nakubali, lakini hata babake asimgange?

Kuona kwa jicho moja ni kuona kwa monokula. Andika hivyo, kisha nenda ukapime. Na umwombe Mama radhi kwa birika lake.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usinipandishie sauti kwenye karatasi, majirani watasikia.

Hiyo monokula imenipa raha kuliko maneno yote. Nilijifunga kitambaa jicho la kushoto nikamimina chai, haikumwagika hata tone. Nikashangaa, maana vitabu vinasema anayetumia jicho moja hukosea umbali mpaka azoee. Nikahamishia kitambaa jicho la kulia. Giza! Ulibaki ukungu kidogo pembeni tu. Mama yako alikuwa amesimama mbele yangu akinisema, nikamsikia bila kumwona. Kumbe mimi ni monokula tayari, na nimeshazoea bila kujua! Mtunga kamusi gani mwingine ana mfano kama huu mwilini mwake? Nimeandika ukurasa mzima.

Mama yako sijamwambia. Anadhani nilikuwa nacheza.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo Baba,

Leo sikuulizi hali, maana umeshaniandikia.

Jicho limekufa nawe unashangilia mfano! Nimekasirika mpaka nimelia mbele ya wagonjwa. Barua yako nimemsomea daktari. Anasema la kushoto huenda limekwenda moja kwa moja, na la kulia linaweza kulifuata, lakini likiwahiwa kwa dawa au upasuaji linaweza kuokolewa. Njoo wiki hii, Baba. Usiniambie umalize kwanza. Ukipofuka, hiyo kamusi utaisahihisha kwa pua?

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Mwambie daktari wako apunguze presha yake mwenyewe. Jicho la kulia linasoma hata herufi za chini kwenye chupa ya dawa. Mwalimu hatoki darasani kabla ya kengele. Nikimaliza mono nitakuja, na nikishaanza herufi ya N tutaona.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Sikubembelezi tena, nimechoka. Wewe si huandiki usichokijaribu? Haya, jaribu na hili. Funga macho yote mawili asubuhi, ufungue jioni. Tafuta sahani, tafuta mlango wa choo, mtafute Mama. Kisha kaa mezani uandike maana yake.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila si sana.

Nilijaribu. Nilidhani nitafika jioni, lakini hata chai ya saa nne haikunikuta na kitambaa. Kwenda mezani hakukunishinda, nyumba hii naijua. Nikashika kalamu, nikaandika sentensi ndefu, safi, nikajisifu. Mama yako akaja kuisoma. Akasema, "Mwalimu, hapa hapasomeki. Mistari imepandana." Kisha akanyamaza, na mama yako si mtu wa kunyamaza. Nikamuuliza, "Vipi?" Ikabidi nimpapase uso ndipo nikajua analia.

Hapo nikaogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo.

Nilifungua kitambaa nikamweleza yote. Alinisema siku ile, akanisema na ya pili yake, na hata sasa ninavyoandika ananisema huku akifunga mizigo. Tunapanda basi la Jumatatu. Maneno ya mono nimeyaacha mezani pale pale, hayajaisha. Yatanisubiri, na yasiponisubiri basi.

Ukija kutupokea kituoni, simama upande wangu wa kulia.

Baba yako