Nyumba Yetu Itakuwa na Upenu

Mpendwa Baba Imani,

Usinikasirikie kwa kukaa kimya hivi. Kwa simu tunaongea, najua, lakini yale si maongezi, ni kuulizana kama tumekula halafu mtandao unakatika. Barua niliyokuahidi imechelewa kwa sababu mtoto wako halali mchana, na asipolala yeye silali mimi, na nikishika kalamu macho yanafumba yenyewe. Leo jirani amenishikia Imani. Nitaandika mpaka nimalize, nipige picha hizi kurasa, nikutumie.

Nina jambo moja. Nimemwambia fundi Simiyu asiujenge ule ukuta wa juu.

Najua umeshtuka. Ramani uliyotuma hata mimi niliipenda: nyumba ya paa lililofichwa, ukuta unapanda mpaka unafunika mabati yote, mtu akipita barabarani haoni hata bati moja. Vijana wote wa hapa Kiplombe walio nje ya nchi wanajenga hivyo siku hizi. Lakini kabla hujanijibu, kumbuka kwanza kule sokoni Ziwa, tulikokutana.

Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimetandaza nyanya za mama chini, na turubai la buluu nimelifunga juu kabisa kama bendera. Wewe ulikuwa unapakia mahindi kwa lori. Ukasimama na gunia mgongoni, ukacheka.

"Dada, hicho kivuli umewafungia ndege. Nyanya zako zinapikwa."

Nikakuambia ubebe gunia lako uniache. Ukalitua. Ukafungua kamba za upande wa machweo, ukashusha turubai mpaka likafika kiunoni mwangu. Ukasema jua la saa sita halina maneno, liko juu. Linalomaliza watu ni la saa tisa, hilo huingia kwa ubavu. Mpaka jioni hakuna nyanya iliyolegea. Aliyelegea ni mimi.

Halafu kumbuka hiki chumba chetu cha kupanga. Watu husema Eldoret ni baridi, na ni kweli, Julai tulilala na soksi. Ndiyo maana hakuna anayefikiria jua akijenga. Lakini Januari ikifika, bila dari, bati lilikuwa linalia kwa joto, ta, ta, ta, juu ya vichwa vyetu. Ulilowesha leso yangu ukaitundika dirishani, tukakaa nyuma yake tumejibanza kama watu wanaowakimbia polisi. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Ukaniwekea mkono tumboni, ukasema, "Nikijenga, huyu hatalala ndani ya sufuria."

Bado analala ndani ya sufuria, Baba Imani. Ana upele wa joto shingoni na nyuma ya masikio. Namwosha, namfuta, namtoa nje. Kila alasiri namfunga mgongoni twende kwa ploti, pale tunapojenga, na huko ndiko nimejifunza ile nyumba kuliko fundi. Yale madirisha mawili makubwa ya mbele yanatazama barabara, na barabara iko upande wa machweo. Jua likianza kushuka linaingia hapo moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma wa chumba cha Imani. Nikitafuta pa kumlaza nje, kivuli cha ule ukuta ulionyooka ni kama utepe. Natandika leso, nageuka, kivuli kimehama.

Na usidhani ni maneno yangu tu. Nyumba ya Mama Wanjiru, yule wa duka, ilikwisha. Ina paa lililofichwa na vioo vyeusi, watu wanapigia picha hapo mbele. Juzi nimeenda kumsalimia, nikabisha, kimya. Akaniita kutoka nyuma. Nikamkuta ameketi juu ya mtungi wa plastiki kwenye kivuli cha choo, anachambua maharagwe.

"Karibu sebuleni, Mama Imani," akasema. "Ile nyingine ni ya wageni wa asubuhi."

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Lakini nilirudi nikiwa nimeamua.

Fundi alikataa. "Mama, mimi nafuata ramani ya mzee."

"Mzee yuko mbali. Jua liko hapa."

"Na hilo paa la kizamani la kutokeza nje, watu wakiuliza utawaambia nini?"

"Nitawaambia wasogee ndani ya kivuli."

Vibarua wakacheka, yeye hakucheka. Amesema bila neno lako habadilishi kitu, na amenipa mpaka Jumamosi, la sivyo anapandisha ule ukuta ama anaenda kwa kazi nyingine.

Ninachotaka ni hiki. Bati litoke nje ya ukuta pande zote, upenu mpana, na upande wa machweo literemke mpaka liwe veranda nzima mbele ya yale madirisha, kama ulivyoshusha lile turubai. Tuweke dari, na matundu ya hewa juu karibu na paa ili joto lipate pa kutokea. Mbele pasiwe simenti tupu, paote nyasi. Mche wa pasheni nimeshaupanda, utapanda kwa nguzo za veranda. Mawe ya ule ukuta wa juu hayatapotea. Tutajenga nayo benchi.

Uliniambia huko Qatar unasimama getini kwenye kivuli cha mlingoti wa taa, unazunguka nacho kama mkono wa saa mpaka zamu iishe. Siku hiyo nilikata simu mapema, ukadhani ni mtandao. Nilikuwa nalia. Sitaki urudi kwako uje utafute kivuli cha choo. Sikuombi ruhusa sana. Nakukumbusha yale unayoyajua.

Imani anasimama akishika ukuta sasa. Kila mwanamume mwenye kofia anamwita baba. Njoo haraka. Jilinde, kunywa maji, ukila unikumbuke.

Feni uliyosema utanunua, iache. Nitumie hivi tu:

Sauti yako kwa simu ya fundi Simiyu kabla ya Jumamosi, umwambie mwenyewe afuate Mama Imani.

Zile pazia nyeupe nyepesi ulizoona kwa wenzako, mbili, za yale madirisha.

Na urefu wa mguu wako, kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, ukiwa na viatu. Pima na kamba, ufunge fundo. Benchi la veranda nataka likutoshe wewe.

Wako,
Mama Imani