Foleni ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Imekwisha. Wiki tatu nimebishana na ruta, mtambo unaogawa intaneti hospitalini, leo saa nane mchana imenisikia.

Laini ya hospitali kwenda nje ni moja, nyembamba, na tunainywea watu mia tatu. Mpaka jana kila kitu kilipita kwa kusukumana: picha za wagonjwa, barua za ofisi, mpira, vichekesho. Sasa kuna foleni nne. Ya kwanza ni picha za vichwa kutoka mashine ya CT — basi. Ya pili simu za madaktari, ya tatu kazi za ofisi, ya nne starehe. Ni kama zamu za maji kule kwenye mitende ya marehemu baba: mwenye zamu anafungua mfereji, wengine wanasubiri na majembe yao.

Mashine tunayo, wa kuzisoma picha hatuna. Anayezisoma ni Daktari Dorsaf, yuko mbali, mji wa Sfax. Mtu akipatwa na kiharusi, dawa ya kuyeyusha donge la damu lazima aipate ndani ya saa nne na nusu tangu aanguke. Ikipita hapo hawampi tena. Januari picha moja ilichukua dakika hamsini kufika. Leo tumejaribu: dakika nne. Dorsaf kanipigia, anasema nimetuma kabla hajakaa kitini. Nimefurahi kama mjinga, nikajinunulia chai yenye karanga.

Jumatano, 6 Machi

Furaha ya siku mbili!

Mkurugenzi, Si Lamjed — kwetu "Si" ni "Bwana" — ameniita. Alikuwa kwenye kikao cha video na wakubwa wa Tunis, uso wake ukaganda mdomo wazi, wakamcheka. Anataka kompyuta yake iingie foleni ya kwanza. Nikamwambia hiyo ni ya wagonjwa tu. Akasema na yeye anaumwa, anaumwa aibu. Nikaomba basi aniandikie barua. Akacheka kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi: "Binti yangu, tangu lini baba na mwana wakaandikiana barua?"

Hapa kwetu ndivyo ilivyo. Amri huja kwa mdomo, kwa kikombe cha kahawa, kwa mkono begani. Karatasi ni kwa maadui.

Nimemwingiza. Ruta huandika kila badiliko na jina la aliyelifanya. Imeandika: Rafla.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Mtu wa chama cha wafanyakazi kaniletea ua jekundu. Nikashukuru. Hajaondoa mkono kwenye ua akaniambia ofisi ya chama nayo inahitaji foleni ya kwanza, maana haki ya mfanyakazi haingoji. Ua lenyewe lilikuwa limenyauka.

Mhasibu mkuu kaja kabla ya adhuhuri. Mfamasia mkuu baada yake. Kila mmoja anaanza na "Si Lamjed amesema hakuna tatizo." Nikimuuliza Si Lamjed, anasema hakuna tatizo. Nikimwomba karatasi, ananiita binti yake.

Si Mongi, fundi mwenzangu, mzee wa miaka thelathini kazini, amekaa anakula mlawi wake, mkate wa pilipili ya harisa, akiniangalia ninavyowaandika kwenye ruta. "Andika, binti, andika. Mwenye nguvu mpishe." Nikamwambia wenye nguvu wamekuwa kumi na wawili. Akasema basi wapishe kumi na wawili.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Niandike ukweli, humu hakuna wa kunisoma.

Mama yupo wodi ya wanawake, kitanda cha sita, tangu Jumamosi. Aliteleza uani, nyonga imevunjika. Hajafuturu siku ya kwanza ya Ramadhani bila mwanawe Anis hata mara moja. Tangu Anis ahamie Montreal wanafuturu kwa video, yeye huku na tende mkononi, Anis kule akijifanya kwake nako jua limezama. Leo picha ikakatika. Anis akawa vipande vipande. Mama aliweka kijiko chini. Machozi yakamtoka, na supu yake ya shorba ikapoa.

Nikaenda chumba cha mitambo. Nikaingiza tableti yake foleni ya kwanza. Nilijiambia dakika kumi tu. Niliporudi, Anis alikuwa safi, anaonyesha jino la mtoto wake linalotikisika, na Mama anacheka huku ameshika ubavu.

Dakika kumi zimeisha zamani. Sijaiondoa. Nyani haoni kundule — mimi nimeliona, na nimelikalia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimehesabu. Vifaa thelathini na moja kwenye foleni ya kwanza, mbali na mashine ya CT. Yumo hadi shemeji wa mhasibu, ambaye si mfanyakazi hapa, anakuja kupoza joto.

Si Mongi anasema sasa wenye akili wahamie foleni ya pili, haina watu. Nilicheka, kisha nikajaribu. Ni kweli! Wote wakiwa wa kwanza hakuna wa kwanza. Picha ya majaribio kwenda Sfax: dakika thelathini na nane, na ilikuwa asubuhi watu wamelala kwenye meza zao. Jioni, tamthilia zikianza, sijui.

Nikampelekea Si Lamjed namba hizo. Nikamwambia nataka kufuta wote. Akatazama karatasi yangu kama mtu anayeonyeshwa picha ya jamaa asiyemjua. "Baada ya Idi, binti yangu. Mwezi mtukufu huu, watu wana hasira za njaa." Nikasema kiharusi hakifungi. Akasema nisiongee maneno mabaya, kisha akapokea simu nyingine.

Ningeweza kufuta bila kumuuliza. Sijafuta. Ningefuta wote, ningemfuta na Mama.

Jumatatu, 18 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Mabrouka, miaka arobaini na saba, anafungasha tende kiwandani. Alianguka saa nane na dakika arobaini mchana. Wakadhani ni saumu, wakamlaza kivulini, wakampaka maji ya maua ya mchungwa. Mpaka gari lipatikane, kafika kwetu saa kumi na moja na dakika arobaini. Bado kulikuwa na muda. Daktari wa zamu akampiga picha, ikatumwa saa kumi na mbili na robo. Mwisho wa kupewa dawa: saa moja na dakika kumi.

Robo saa baada ya picha kutumwa mzinga wa futari ukalia, watu wakafuturu. Wakashiba kidogo, wakafungua tamthilia zao. Wote foleni ya kwanza.

Na mimi nilikuwa wapi? Kando ya kitanda cha Mama, na briki, sambusa ya yai, mkononi. Anis anasimulia theluji. Picha safi kabisa. Nakumbuka nilijisifu moyoni.

Saa moja kasoro dakika mbili Saloua, muuguzi wa dharura, akatokea mlangoni anahema. "Dorsaf hana picha! Nusu saa nzima anapiga simu mezani kwako!" Mezani kwangu, ambako sikuwepo. Nikakimbia. Nikafuta wote thelathini na moja, mmoja mmoja, maana niliwaingiza mmoja mmoja. Picha ikafika Sfax saa moja na robo. Tumechelewa dakika tano.

Dorsaf aliniambia kwa sauti ya chini, "Ni donge, Rafla. Lingeyeyuka. Sasa siwezi kuidhinisha." Akakata simu. Heri angenitukana.

Jumanne, 19 Machi

Mabrouka yuko hai. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havisogei. Hasemi. Anatoa sauti moja tu, ndefu, kwa kila kitu.

Kufikia saa sita wamekuja watu wanane ofisini kwangu. Wote wanaijua habari. Hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Wanauliza watarudishwa lini foleni ya kwanza! Mhasibu anasema shemeji yake amekasirika. Nilimfungia mlango usoni.

Na Mama naye: "Anis anasema hanioni vizuri. Umegusa nini?"

Alhamisi, 21 Machi

Jana sikukuu ya uhuru, bendera zikapepea, hakuna aliyefanya kazi. Leo tangazo: kamati ya watu watatu kutoka mkoani, kesho saa tano asubuhi. Wanataka orodha ya mabadiliko yote kwenye ruta, na nani aliagiza.

Nani aliagiza! Kwenye kumbukumbu kuna jina moja mara thelathini na moja. Langu.

Si Lamjed kaniita, kafunga mlango, kanikalisha karibu, kaniruhusu hata nisimame nikapate hewa nikitaka. Ameandaa maelezo, karatasi moja, nzuri, yenye mhuri. Kumbe karatasi anazijua! Inasema Jumatatu jioni upepo wa mchanga ulikata laini kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na robo. Chini kuna nafasi ya sahihi yangu. "Upepo hauna mtoto wala kazi, binti yangu. Sote tutapona." Nikamuuliza sote ni nani. Akasema mimi na yeye na Mama yangu kitanda cha sita. Kwa hiyo anajua habari ya tableti.

Si Mongi yeye hana maneno mengi. Alisema ruta zimezeeka, huweza kusahau, na kwamba yeye anastaafu Juni, hana cha kupoteza. Nilimshukuru. Nikamwambia asiguse kumbukumbu.

Nikipeleka orodha, ni lazima niipeleke yote. Mistari thelathini nitasema fulani aliniambia, wataniuliza karatasi, sina. Lakini watu wanajuana, huenda wakaniamini. Mstari mmoja hakuniambia mtu. Huo nitasema nini?

Ijumaa, 22 Machi

Nimetoa orodha kwenye printa. Kurasa mbili. Na ile ya upepo ipo, mhuri unang'aa. Zote kwenye faili moja. Nikaenda kumwona Mama kwanza, nipate nguvu.

Wamemhamishia Mabrouka wodi ileile. Kitanda cha saba! Mama amejisogeza na nyonga yake hiyohiyo, anamlisha mtindi kwa kijiko, anamfuta kidevu, anamsimulia habari za watu asiowajua. Mabrouka anatoa sauti yake ile. Mama anajibu kama vile wanaelewana.

Binti yake alikuwepo, anaitwa Sihem, miaka ishirini na kitu, kilemba cha kiwandani bado kichwani. Akasimama aliponiona. "Wewe ndiye dada wa mitandao? Nilikuwa nakutafuta. Kaka yangu yuko Naples, hajamwona mama tangu aanguke. Nikipiga, picha inaganda. Wameniambia ule upepo wa Jumatatu ulikata laini, haijatengenezwa."

  Mama akanitangulia kujibu, kwa moyo safi, kijiko hewani: "Rafla, mwanangu, si uwafanyie kama ulivyonifanyia mimi? Ana ufundi wake huyu. Hiyo Jumatatu yenyewe, kwenye futari, tulimwona Anis wetu kama amekaa hapa kitandani. Nikahesabu meno ya mtoto!"

Sihem alimgeukia Mama. Kisha akanigeukia mimi, polepole.

"Jumatatu? Wakati wa futari?"

Nilisema nina kikao. Nilisema hivyo! Nikatoka.

Niko chumba cha mitambo sasa. Saa nne na dakika arobaini. Sihem amenifuata, amekaa kwenye kiti cha Si Mongi nje ya mlango. Hagongi. Kupitia kioo naona ameshika simu, bila shaka kaka yake yupo hewani, maana anasema, "Subiri, usikate, kuna mtu nataka umsikie." Faili lipo mapajani. Si Lamjed amepiga mara mbili, sijapokea. Kwenda kwenye kamati lazima nipite mlango huu, hakuna mwingine, na yeye ndiye wa kwanza atakayeniuliza Jumatatu nilikuwa wapi.